Namna ya Kuchambua Mwenendo wa Uchapishaji na Uonekanaji wa Jarida la Kitaaluma la Kanda: Mwongozo Kamili

Mtu anayetaka kujua hali ya jarida la kitaaluma linalochapishwa Dar es Salaam, Zanzibar, Eldoret au Kampala mara nyingi hufungua kwanza hifadhidata kubwa ya kimataifa, akaandika jina la jarida, akapakua alichokikuta na kuanza kuchora grafu. Kazi ya namna hiyo huipima hifadhidata, wala hailipimi jarida. Jarida ambalo halimo huonekana kama halijawahi kuwapo. Lililoingizwa miaka michache tu iliyopita huonekana changa ingawa lina umri wa miongo kadhaa. Na lile ambalo makala zake za Kiswahili zimesajiliwa kwa vichwa vya Kiingereza huonekana kana kwamba Kiswahili hakijaandikwa humo. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Tunaanza na jarida lenyewe, yaliyomo ya toleo moja baada ya jingine, ndipo tunaziendea hifadhidata kuuliza zimeona nini na zimeacha nini. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo matokeo yenye thamani kubwa kuliko yote ambayo mchambuzi wa jarida la kanda anaweza kuyatoa.

Mfano nitakaourejea zaidi ni jarida la Kiswahili la Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na majarida ya karibu nalo: Mulika, Kioo cha Lugha, na Swahili Forum linalotolewa Ujerumani. Pale ambapo majarida ya sayansi yana hali tofauti, nitagusia Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida la sayansi za bahari linalotolewa na jumuiya ya wanasayansi wa bahari WIOMSA yenye makao yake Zanzibar.

Hatua ya kwanza: andika swali na weka mipaka

Kabla ya kufungua kompyuta, andika kwa sentensi moja au mbili uchambuzi huu ni wa nani na utaamua jambo gani. Mhariri anayetaka kujua kwa nini makala zinazoletwa zimepungua anahitaji takwimu tofauti na mkutubi anayepanga ni majarida gani yawekwe kwenye mfumo wa dijitali kwanza, na wote wawili wanatofautiana na mwanafunzi wa uzamili anayechunguza namna utafiti wa fasihi simulizi ulivyobadilika. Swali lisipoandikwa, mchambuzi hukusanya kila kitu na mwishoni hujikuta ana majedwali mengi yasiyojibu chochote.

Kuhusu kipindi, nashauri miaka kumi iwe ndiyo ya chini kabisa. Majarida mengi ya kwetu hutoa toleo moja au mawili kwa mwaka, na toleo lenye makala saba au nane ni la kawaida. Katika idadi ndogo namna hiyo, toleo moja lililochelewa kutoka linaweza kuugeuza mwaka wa neema kuwa mwaka wa ukame. Ukitazama miaka mitatu tu, utakuwa unasoma ajali na kuiita mwelekeo.

Hatua ya pili: thibitisha utambulisho wa jarida

Hatua hii hurukwa na wengi, na huharibu kazi yote inayofuata. Jarida la kanda lenye historia ndefu huwa limepitia majina kadhaa na wachapishaji kadhaa. Chimbuko la jarida la Kiswahili ni taarifa iliyokuwa ikitolewa na Kamati ya Lugha ya Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930 kusimamia usanifishaji wa lugha katika Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Baadaye taarifa hiyo ikawa jarida la Kamati ya Afrika Mashariki, kisha ikaitwa Swahili, na hatimaye Kiswahili. Mwaka 1964 Kamati yenyewe iliingizwa katika chuo kikuu kilichokuwa kikikua Dar es Salaam, ikaja kujulikana kama Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), na mwaka 2009 TUKI ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa TATAKI. Mtu anayetafuta kazi za jarida hili kwa jina moja la sasa na mchapishaji mmoja wa sasa ataukosa karibu urithi wote wa miongo ya kwanza.

Swahili Forum lina tatizo la aina yake. Lilianza mwaka 1994 kama matoleo maalumu ndani ya mfululizo wa Cologne uitwao Afrikanistische Arbeitspapiere, kwa kifupi AAP, ambamo Swahili Forum I ni namba 37 ya mfululizo. Kwa hiyo makala ile ile, ukurasa ule ule, huandikwa na mtafiti mmoja kuwa imetoka AAP 37 na mwingine kuwa imetoka Swahili Forum I, na kompyuta haijui kwamba ni kitu kimoja. Tengeneza basi, kabla ya jambo jingine, jedwali dogo la utambulisho: majina yote ambayo jarida limewahi kuyatumia, vifupisho vyake, wachapishaji wake, miaka ya kila jina, na namba zake za ISSN, yaani namba za kimataifa za kutambulisha majarida. Jedwali hilo utalitumia hadi siku ya mwisho ya kazi.

ISSN inastahili kuangaliwa kwa makini. Toleo la karatasi na toleo la mtandaoni huwa na namba mbili tofauti, na jarida likibadili jina kwa kiasi kikubwa hupaswa kupewa namba mpya. Namba hukosewa mara kwa mara katika kurasa za ndani za majarida na katika marejeleo, lakini kuna njia rahisi ya kuikagua. Chukua ISSN ya karatasi ya jarida la Kiswahili, 0856-048X. Zidisha tarakimu saba za kwanza kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano huo: 0, 56, 30, 30, 0, 12 na 16. Jumla yake ni 144. Gawanya kwa 11, utapata 13 na baki 1. Toa baki hilo kwenye 11, utapata 10, ambayo huandikwa X. Namba imekubali. Baki likiwa sifuri, tarakimu ya mwisho huwa sifuri pia. Namba isiyokubali imeandikwa vibaya mahali fulani, na ukiitumia kutafutia katika hifadhidata utaambiwa jarida halipo.

Hatua ya tatu: jenga orodha kamili ya makala

Sasa fungua lahajedwali na uandike kila makala kwenye mstari wake. Safu za lazima ni mwaka ulio kwenye jalada, juzuu, namba ya toleo, kurasa, kichwa cha makala kama kilivyochapwa, kichwa cha lugha ya pili kama kipo, lugha ya makala, aina ya andiko, waandishi wote, taasisi ya kila mwandishi, nchi ya taasisi hiyo, DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) kama ipo, na tarehe za kupokelewa na kukubaliwa kama jarida linazichapisha. Aina ya andiko isisahaulike, kwa sababu maoni ya mhariri, mapitio ya vitabu, tanzia na mashairi hayapaswi kuhesabiwa pamoja na makala za utafiti.

Majarida mengi ya vyuo vyetu hutumia programu ya kuendeshea majarida mtandaoni iitwayo Open Journal Systems, ambayo ina mlango wa kutolea metadata, yaani taarifa za kutambulisha makala, kwa mafungu. Kwenye anwani ya ukurasa wa mwanzo wa jarida, ongeza mwishoni /oai?verb=ListRecords&metadataPrefix=oai_dc, na kama mlango huo umeachwa wazi utapata orodha ya makala katika muundo wa XML. Orodha hutolewa sehemu baada ya sehemu, kwa hiyo chukua alama ya resumptionToken iliyo mwishoni mwa kila sehemu ili uombe inayofuata. Hata hivyo, usiichukue orodha hii kuwa ndiyo jarida. Matoleo ya zamani huwa hayajapakiwa, majina ya waandishi wa pili na wa tatu hurukwa na aliyekuwa akijaza fomu, na wakati mwingine makala zote za toleo huwekwa kwenye faili moja la PDF, hivyo mfumo huziona kuwa ni kitu kimoja. Ilinganishe na kurasa za yaliyomo, za karatasi au zilizopigwa picha. Kwa matoleo ya kabla ya intaneti hakuna njia ya mkato: ni kwenda kwenye chumba cha Afrika Mashariki cha maktaba ya chuo na kufungua nakala.

Kusafisha data ndiko kunakokula muda zaidi, na majina ya watu ndiyo mtihani mkubwa. Mfumo wa kimataifa hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo ambalo halibadiliki. Mwandishi wa pwani anayeitwa kwa jina lake, la baba na la babu huweza kuandikwa kwa la babu katika toleo moja, kwa la baba katika jingine, na kwa herufi za mwanzo tu katika la tatu. Mwandishi aliyeolewa huweza kuongeza jina. Na majina kama Juma, Salim au Hamad huwaunganisha watu watatu tofauti kuwa mmoja. Programu ya OpenRefine, isiyolipiwa, itakuonyesha majina yanayofanana ili uamue, lakini uamuzi uwe wako, nao uutoe kwa kutazama taasisi na mada ya makala. Kitambulisho cha mtafiti cha ORCID, kilichoanza kutolewa mwaka 2012, husaidia kwa waandishi wa karibuni tu. Fanya vivyo hivyo kwa taasisi: TUKI, TATAKI na Institute of Kiswahili Research zipewe msimbo mmoja, lakini safu ya jina la asili ibaki kama ilivyochapwa.

Kuna jambo moja dogo linalowatesa wanaofanya kazi kwa Kiswahili pekee. Alama inayoandikwa katika ng'ombe au ng'ambo huweza kuwa ya wima au ya kupinda, kutegemea kompyuta iliyotumika. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa lahajedwali ni maneno mawili, na maneno msingi yako yatahesabiwa mara mbili. Badilisha zote ziwe za aina moja kabla ya kuhesabu chochote.

Hatua ya nne: pima mwenendo wa uchapishaji

Orodha ikiwa safi, hesabu zenyewe si ngumu. Anza na idadi ya makala za utafiti kwa kila mwaka, kisha weka alama kwenye miaka isiyo na toleo na kwenye matoleo yaliyounganishwa, yaani yale yanayobeba namba mbili kwenye jalada moja. Pengo huwa na sababu, na sababu hiyo haimo kwenye data: mhariri alistaafu, fedha za uchapaji zilikatika, chuo kilibadili mfumo wa kompyuta. Waulize wahusika. Grafu yenye shimo lisiloelezwa haina faida kubwa kwa msomaji.

Tazama pia umbali kati ya mwaka wa jalada na siku ambayo toleo lilitoka kweli. Jarida linalofidia matoleo yaliyochelewa huweza kutoa mwaka huu toleo lililoandikwa la mwaka juzi. Kwa makala zenye DOI, rekodi ya Crossref, shirika linalosajili DOI, huonyesha tarehe rekodi ilipoundwa, na tofauti kati ya tarehe hiyo na mwaka wa jalada ni ushahidi mzuri kwa matoleo ya karibuni, ingawa haufai kwa matoleo ya zamani yaliyosajiliwa kwa mkupuo. Pale ambapo tarehe za kupokelewa na kukubaliwa zimechapishwa, tafuta muda wa kungoja wa kila makala, kisha ripoti thamani ya katikati badala ya wastani, kwa kuwa makala moja iliyokaa miaka minne mezani kwa mhakiki huvuta wastani hadi mahali ambapo mwandishi wa kawaida hafiki.

Ushirikiano wa waandishi hupimwa kwa kanuni aliyoieleza Subramanyam mwaka 1983: gawanya idadi ya makala zenye waandishi wawili au zaidi kwa jumla ya makala zote. Tuseme katika kipindi chako jarida lina makala 84, na 33 kati yake zimeandikwa na zaidi ya mtu mmoja. Kiwango cha ushirikiano ni 33 kwa 84, yaani 0.39. Namba hii isilinganishwe kati ya fani. Utafiti wa samaki na miamba ya matumbawe hufanywa na timu yenye boti, vifaa na maabara, na makala ya mtu mmoja katika jarida la bahari ni ya nadra; uhakiki wa ushairi hufanywa na mtu mmoja na kitabu. Anayelilaumu jarida la fasihi kwa kuwa na kiwango cha chini hajalielewa.

Kipimo ninachokithamini zaidi katika hatua hii ni asili ya waandishi. Hesabu nafasi zote za uandishi, kisha toa asilimia ya zinazoshikwa na watu wa taasisi inayochapisha jarida, za nchi hiyo nje ya taasisi, za nchi nyingine za kanda, na za nje ya kanda. Jarida linalojiita la Afrika Mashariki huku sehemu kubwa ya waandishi wake wakitoka idara moja linapaswa kuambiwa hivyo kwa heshima lakini kwa uwazi. Ongeza kwenye hesabu hiyo majina ya bodi ya uhariri. DOAJ, saraka ya majarida huria iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, hutaka makala ambazo angalau mwandishi wake mmoja ni mhariri, mjumbe wa bodi au mhakiki wa jarida zisizidi asilimia 25 katika kila moja ya matoleo mawili ya mwisho, na hutaka pia jarida litoe walau makala tano za utafiti kwa mwaka. Majarida madogo hukwama kwenye sharti la kwanza zaidi kuliko la pili, na mhariri angefurahi kulijua hilo kabla ya kutuma maombi.

Kuhusu mtawanyiko wa waandishi, wengi hutaja kanuni ya Lotka ya mwaka 1926, ambayo katika umbo lake la kawaida hutabiri kwamba takribani asilimia 60 ya waandishi wataandika makala moja tu. Itumie kama kioo cha kujitazamia na si zaidi, maana jarida moja lenye waandishi wachache si uwanja mzima wa taaluma. Ni afadhali kuorodhesha ni wangapi wameandika mara moja, mara mbili, mara tatu na kuendelea, kisha kuangalia kama kundi la wanaorudi linajumuisha vijana au ni majina yale yale ya miaka yote.

Mada zipangwe kwa mkono. Soma ikisiri, ipe kila makala mada kuu moja na, ikibidi, ndogo moja, kutoka kwenye orodha fupi uliyoiandaa mapema: sarufi, isimujamii, leksikografia, tafsiri, fasihi simulizi, fasihi andishi, ufundishaji, na kadhalika. Mtu wa pili azipange upya moja ya tano ya makala bila kuona majibu yako, na mahali mnapotofautiana mrekebishe maelezo ya mada. Programu kama VOSviewer, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Leiden, huchora ramani nzuri za maneno yanayojitokeza pamoja, lakini orodha zake za maneno ya kuachwa zimeandaliwa kwa Kiingereza, na muundo wa Kiswahili, ambamo mwandishi, waandishi na uandishi ni maneno matatu kwa kompyuta, huifanya ramani ya vichwa vya Kiswahili kuwa dhaifu usipoyasawazisha maneno kwanza.

Hatua ya tano: pima uonekanaji kwa makala halisi

Uonekanaji una tabaka, nazo zisichanganywe. Makala inaweza kuwapo kwenye mtandao lakini isipatikane na anayeitafuta. Inaweza kupatikana lakini isisomeke bila kulipa. Inaweza kusomwa na walimu wengi bila kunukuliwa hata mara moja. Kila tabaka lina kipimo chake.

Kwanza, weka jedwali la mahali jarida limesajiliwa: AJOL (African Journals Online), iliyoanzishwa mwaka 1998 na sasa inaendeshwa kutoka Afrika Kusini, DOAJ, Crossref, hifadhidata za makala na manukuu za OpenAlex, Scopus na Web of Science, pamoja na katalogi za maktaba. Kwa kila moja usiandike ndiyo au hapana pekee. Andika miaka inayofunikwa na idadi ya makala zilizomo, kisha igawanye kwa idadi iliyo kwenye orodha yako kuu. Asilimia hiyo ndiyo kiwango cha kufunikwa. AJOL ina faida ya kupimwa kwa urahisi, kwa sababu DOI zinazosajiliwa nayo huanza na 10.4314, na kwa makala za jarida la bahari nililolitaja namba hiyo hufuatwa na herufi wiojms, hivyo huweza kutafutwa kwa fungu.

Pili, chukua sampuli ya makala hamsini hivi kwa bahati nasibu, ukihakikisha kila kipindi na kila lugha imewakilishwa, na uipitishe kila moja kwenye majaribio haya. Andika kichwa chake kamili ndani ya alama za kunukuu kwenye Google Scholar, kwanza cha Kiswahili kisha cha Kiingereza kama kipo, na urekodi kama imetokea, na kama inaelekeza kwenye ukurasa wa jarida au kwenye marejeleo tu. Bofya DOI uone kama inafika. Fungua PDF bila kuingia kwa nywila. Nakili sentensi moja kutoka katikati ya makala na uibandike kwenye ukurasa mtupu: zikitoka herufi zisizoeleweka, au kisipotoka kitu, basi faili hilo ni picha tu na hakuna injini ya utafutaji itakayolisoma. Angalia pia ukubwa wake, kwa kuwa mwongozo wa Google Scholar hutaka PDF isizidi megabaiti 5, na toleo la zamani lililopigwa picha kwa rangi hupita kiasi hicho haraka. Mwisho, fungua msimbo wa ukurasa wa makala na utafute neno citation_title. Lisipokuwapo, ukurasa haujitambulishi kwa injini kama makala ya kitaaluma, na mafundi wa chuo wanaweza kuurekebisha kwa kazi ya siku moja.

Hapa pia ndipo pa kueleza vizingiti ambavyo jarida dogo haliwezi kuvivuka kwa ubora peke yake. Google Scholar Metrics, inayotoa kipimo cha kunukuliwa kwa majarida kiitwacho h5, huliacha nje jarida lolote lililochapisha makala chini ya 100 katika miaka mitano. Jarida linalotoa matoleo mawili ya makala nane kila mwaka hufikisha 80. Halimo, na halitakuwamo hata makala zote 80 zikisomwa dunia nzima. Scopus, kwa upande wake, hudai ikisiri na vichwa vya Kiingereza na marejeleo katika herufi za Kirumi. Kiswahili huandikwa kwa herufi hizo, hivyo lugha ya makala si kizuizi yenyewe. Kinachokwamisha mara nyingi ni matoleo yasiyotoka kwa wakati na tovuti isiyo na sera ya maadili ya uchapishaji. Mchambuzi anayeandika kwamba jarida halimo bila kusema ni kwa sharti gani hajamsaidia mhariri.

Hatua ya sita: fuatilia kunukuliwa

Kwa kazi ya kuanzia, tumia vyanzo visivyolipiwa. OpenAlex, iliyozinduliwa mwaka 2022, hukuruhusu kutafuta kwa ISSN na kupakua kila kilichopo pamoja na idadi ya kunukuliwa. Kumbuka kwamba lugha ya makala humo hukisiwa na kompyuta kutokana na kichwa na ikisiri, hivyo makala ya Kiswahili yenye ikisiri ya Kiingereza huweza kuhesabiwa kuwa ya Kiingereza. Safu ya lugha uliyoijaza mwenyewe ndiyo ya kuaminiwa. Programu ya Publish or Perish hukusanya kutoka Google Scholar, ambayo huona mengi zaidi, zikiwamo tasnifu na vitabu, lakini pia huhesabu marudio. Fungua kila rekodi iliyonukuliwa zaidi ya mara tano uhakikishe kwamba wanaonukuu ni wa kweli.

Jina la jarida la Kiswahili lina ugumu wake hapa: kulitafuta ni kuitafuta lugha yenyewe, na matokeo hayana mwisho. Tafuta kwa kuunganisha jina na juzuu, kwa mfano Kiswahili pamoja na Juz. au Vol. na jina la TUKI au TATAKI, au tafuta kwa vichwa vya makala kimoja kimoja kutoka kwenye orodha yako.

Kisha fanya kazi ambayo hifadhidata haiwezi kukufanyia. Chukua majarida matatu au manne yanayozungumza na hadhira hiyo hiyo, kwa mfano Mulika, Kioo cha Lugha, Swahili Forum na Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi, na usome marejeleo ya makala zake zote za miaka mitano, ukiandika kila mahali jarida lako linapotajwa. Ongeza tasnifu za uzamili na uzamivu zilizo wazi kwenye hazina za vyuo vya Dar es Salaam, Dodoma, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Nairobi na Kenyatta. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo inayoonyesha maisha halisi ya jarida. Makala ya Kiswahili kuhusu uundaji wa istilahi hunukuliwa katika makala nyingine ya Kiswahili na katika tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili. Marejeleo hayo yasipowekwa Crossref na mchapishaji, hesabu ya kimataifa hubaki sifuri wakati wasomaji wapo.

Ukitaka kipimo cha miaka miwili kinachofanana na kile alichokianzisha Eugene Garfield huko Philadelphia (impact factor), gawanya mara ambazo makala za miaka miwili iliyotangulia zimenukuliwa mwaka huu kwa idadi ya makala hizo. Tuseme makala 24 za 2021 na 2022 zilinukuliwa mara 9 mwaka 2023: jibu ni 0.375. Sasa tuseme mara 6 kati ya hizo 9 ni za makala moja. Iondoe, na jibu huanguka hadi mara 3 kwa makala 23, yaani 0.13. Kipimo kinachoporomoka hivyo kwa makala moja kisiandikwe peke yake kwenye ripoti. Kiambatane na asilimia ya makala zilizonukuliwa angalau mara moja, thamani ya katikati, na sehemu ya manukuu inayotoka ndani ya jarida lenyewe. Kwa fani za lugha na fasihi, ambako kazi ya miaka ishirini iliyopita bado inajadiliwa, dirisha la miaka miwili ni fupi mno. Tumia la miaka mitano au kumi.

Hatua ya saba: matumizi

Idadi ya kupakuliwa hupatikana kwa mhariri wa jarida, kutoka AJOL au kutoka kwenye mfumo wa jarida. Ichukue kwa tahadhari, kwa sababu roboti za utafutaji hupakua nazo. Uliza kama takwimu zimechujwa kwa COUNTER, kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi, na kama hazijachujwa, usilinganishe jarida moja na jingine. Linganisha makala ndani ya jarida hilo hilo. Kwa jarida ambalo bado huchapwa, tafuta pia nakala zilizouzwa na maktaba zinazolipokea, na uangalie orodha za usomaji za kozi za vyuo. Makala inayofundishwa kila mwaka kwa wanafunzi mia mbili ina uzito ambao hakuna faharasa inayouonyesha.

Hatua ya nane: andika ripoti

Ripoti itaje tarehe ambayo kila hifadhidata ilitazamwa, maneno yaliyotumika kutafuta, na maamuzi yaliyofanywa kuhusu majina na aina za maandiko. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 lilionya dhidi ya kumpima mtafiti kwa kipimo cha jarida, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ilitaka utafiti wenye umuhimu wa mahali ulindwe. Kamati za kupandisha vyeo zitakazoisoma ripoti yako zikumbushwe hayo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa maneno yasiyo na utata, kwa kuwa jedwali la kunukuliwa likishatoka mikononi mwako halitarudi.

Mapendekezo yapangwe kwa gharama. Kusahihisha ISSN, kuweka kichwa na ikisiri kwa lugha zote mbili kwenye metadata, kugawa faili la toleo zima kuwa makala moja moja, na kuzipitisha PDF za zamani kwenye programu ya kutambua maandishi ni kazi zinazofanywa na watu waliopo. Kusajili DOI na kuweka marejeleo Crossref kunahitaji ada na mtu wa kudumu. Kuomba DOAJ kuje baada ya hapo, na Scopus baadaye zaidi, matoleo yakishatoka kwa wakati kwa miaka miwili mfululizo au zaidi.

Lahajedwali yenyewe iwekwe wazi kwenye hazina kama Zenodo, ikiwa na maelezo ya kila safu, ili atakayekuja baada ya miaka mitano aendeleze pale ulipoishia badala ya kuanza upya. Kwa mhariri, pamoja na ripoti, mpe faili la pili lenye makala zote zilizoshindwa majaribio ya hatua ya tano, kila moja ikiwa na anwani yake na kasoro yake kwa maneno machache: DOI haifiki, PDF ni picha, kichwa cha Kiswahili hakimo, mwandishi wa pili ameachwa. Faili hilo akabidhiwe mtu anayetunza tovuti, na aanze kulifanyia kazi hata kabla ripoti haijajadiliwa kikaoni.